Kovu la Mwashi na Vidonge vya Mama Pindo

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Mama Pindo, kwa sababu hakuwahi kumruhusu mtu atoke kwenye chumba chake cha kushonea akiwa na pindo lililofumuka, hata kama pindo lenyewe lilishonwa na fundi mwingine. "Simama hapohapo," angesema, pini amezibana midomoni, na mteja angesimama kama mtoto anayefungwa kamba za viatu, huku fundi amechutama miguuni pake akishona. Wengine walinung'unika kwamba wanacheleweshwa. Hata hivyo, wote walirudi.

Chumba chenyewe kilikuwa chembamba, mlango wake ukitazama barabara. Kilikuwa na cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme, meza ya kupigia pasi iliyotandikwa blanketi kuukuu, na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Magauni ya maharusi yalining'inia darini ndani ya mifuko ya nailoni, na upepo ulipoingia yaligusana kwa sauti ndogo ya kunong'onezana. Humo ndimo Mama Pindo alimomlea binti yake wa pekee baada ya mumewe kufariki, mpaka binti akawa mwalimu wa chekechea. Mwenyewe alipenda kusema kwamba yule mtoto alijifunza kuhesabu kwa vifungo.

Alipovuka miaka hamsini, mwili ulianza kumfanyia vituko. Joto lilimpanda ghafla kutoka kifuani hadi utosini, kama mtu aliyefunua sufuria ya maji yanayochemka na kuinamisha uso juu yake. Jasho lilimchuruzika shingoni hata siku za baridi. Usingizi ulimpa kisogo. Alianza kusahau vipimo alivyovichukua muda mfupi uliopita, na akawa mkali kwa wateja bila sababu. Alijua ni nini. Hedhi ilikuwa imekoma, na wenzake wa rika lake walikuwa wakilalamika vivyo hivyo. Aliamua kuvumilia.

Uvumilivu huo ulikatika siku moja ya kujaribisha gauni. Bibi harusi mtarajiwa aliingiza mkono wa kulia, ukapinda begani. Aliingiza na wa kushoto, huo ukakaa vizuri. Kisha akajitazama kiooni, akageuka upande huu na upande ule.

"Fundi," alisema taratibu, "hebu niambie ukweli. Mimi nina mikono miwili ya kushoto?"

Mama Pindo alitazama. Kwa mara ya kwanza tangu ashike mkasi, alikuwa amekata mikono miwili ya upande mmoja, na kitambaa kile cha hariri kilikuwa kimekwisha. Bibi harusi alicheka mpaka akakaa chini. Fundi hakucheka. Kesho yake alifunga mlango wa kazi, akaenda kliniki.

Daktari wa wanawake alikuwa dada kijana aliyependa kuipandisha miwani yake kwenye paji la uso kila alipotaka kumsikiliza mtu vizuri. Alimsikiliza Mama Pindo hadi mwisho, akamweleza kwamba ipo tiba ya homoni: vidonge vinavyorejesha sehemu ya homoni za kike ambazo mwili umeacha kutengeneza. Vingempunguzia joto na kumrudishia usingizi. Lakini vina upande wa pili. Mwanamke anayevitumia kwa miaka huongeza kidogo uwezekano wa kupata saratani ya matiti, na kwa hiyo ni lazima daktari ajue historia ya familia kwanza.

"Kuna ndugu yeyote aliyewahi kuugua saratani ya matiti, au ya mifuko ya mayai? Upande wa mama, au upande wa baba?"

"Upande wa mama ni wazee watupu, daktari. Bibi yangu aliondoka duniani meno yake yote yamo. Mama alisumbuliwa na presha tu."

"Na upande wa baba?"

Mama Pindo alitabasamu. "Baba ni mwanaume, daktari. Kitu pekee kilichowahi kumgusa kifuani ni nondo."

Ikabidi asimulie, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa hadithi ya fahari ya nyumba yao. Baba yake alikuwa mwashi. Siku moja, watoto wakiwa bado wadogo, alikuwa juu ya jukwaa la ghorofa, ubao ukavunjika, akaanguka, na nondo iliyochomoza kwenye nguzo ikamwingia kifua cha kushoto. Akabaki ananing'inia pale kama shati kwenye msumari. Na badala ya kupiga kelele, akawauliza vijana wake kama saruji imeshachanganywa. Hadithi hiyo ilisimuliwa katika kila mkusanyiko wa ukoo. Kaka yake Mama Pindo, ambaye hakujaliwa kusimulia jambo bila kuliongezea chumvi, alikuwa amefikisha nondo mbili.

Daktari alicheka mpaka miwani ikamteremkia puani. Akaandika kwamba hakuna historia ya ugonjwa huo, akampa vidonge, akamsisitiza arudi kila mwaka achunguzwe.

Vidonge vilifanya kazi kweli. Haikupita muda mrefu usingizi ukarudi, na pamoja nao ukarudi ucheshi wa fundi na mkono wake usiotetereka. Wateja waliona tofauti. "Mama Pindo, umeolewa nini?" walimtania. "Nimeolewa na mto wangu," alijibu, "na hanikoromei." Mwaka wa kwanza alirudi kliniki, akapapaswa matiti, akaambiwa mambo shwari. Alikwenda zake akiwa ameshawishika kwamba kidonge kile kidogo ndicho kilichookoa kazi yake.

Katika mwaka wa pili, baba yake alihamia kwake. Mzee alikuwa akikaa kwa yule kaka, kinyozi, lakini kinyozi alianza kuongeza chumba nyumbani kwake, na mzee hakuweza kustahimili kuwaona waashi wa siku hizi wakimwaga maji kwenye saruji kwa kukisia. Aligombana nao kila asubuhi. Mmoja aliacha kazi. Kinyozi akamleta baba kwa dada yake na begi moja na kusema, "Mpokee, dada, la sivyo nitazeeka bila paa."

Basi asubuhi moja walikuwa wanakunywa chai, baba na binti, na Mama Pindo akatoa kidonge kwenye pakiti yake kama alivyozoea.

"Unaumwa?" mzee aliuliza.

"Siumwi, baba. Ni vidonge tu vya... mambo ya kinamama."

"Mambo gani?"

"Ya umri, baba." Aliona aibu kidogo. "Homoni. Zile za kike zikipungua mwilini, vinazirudisha."

Mzee aliweka kikombe mezani polepole. "Na matiti yako?"

Mama Pindo nusura apaliwe. Katika maisha yake yote hakuwahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwa baba yake.

"Baba!"

"Nimekuuliza swali, mwanangu."

"Hayana tatizo lolote. Daktari aliniuliza kama ugonjwa huo upo kwetu, nikamwambia haupo."

Mzee alisimama. Aliacha chai yake, akachukua fimbo, akatoka nje. Kutwa nzima alikaa kwenye benchi mbele ya chumba cha kushonea, akitazama barabara, na wapita njia walipomsalimia aliitikia kwa kuchelewa, kama mtu anayeitwa kutoka mbali.

Jioni, wateja walipopungua, Mama Pindo alimwita ndani amjaribishe shati jipya. Kumshonea baba shati ilikuwa kazi aliyoifanya kwa namna moja tangu alipokuwa msichana anayejifunza. Kifua cha kushoto cha mzee kilikuwa kimebonyea, pale "nondo" ilipopita, na shati la kawaida lilikunjamana hapo. Kwa hiyo kila mara aliweka vipande viwili vya kitambaa kigumu kwa ndani, nyuma ya mfuko, ili upande ule ulingane na mwenzake. Hakuhitaji hata kupima. Mikono yake ilijua.

Alipapasa mfuko, akalainisha, akarudi nyuma kutazama. "Umependeza, baba. Nani atajua?"

"Hakuna aliyejua," mzee alisema. "Hilo ndilo balaa lenyewe." Kisha, akijitazama kwenye kioo kile kilichopasuka, maana hakuthubutu kumtazama yeye, akasema: "Hakukuwa na nondo."

"Unasemaje?"

"Hakukuwa na nondo, mwanangu. Wala ubao haukuvunjika. Sijawahi kuanguka jukwaani maisha yangu yote. Lilikuwa titi. Niliota uvimbe hapa, chini ya chuchu, mgumu kama punje ya kokoto. Nikadhani ni jipu. Likawa kubwa, chuchu ikaingia ndani. Nilipokwenda hospitali wakasema ni kansa ya titi, wakalikata."

Mama Pindo alicheka. Baadaye alijilaumu sana kwa kicheko hicho, lakini kilimtoka chenyewe. Alidhani mzee amepata utani mpya. Kisha akaona mikono ya baba yake ikihangaika na vifungo. Mzee alifungua shati, akalivua, akageuka.

Binti yake alikuwa amelishonea kovu lile mashati yasiyo na idadi, lakini siku zote alilipima juu ya fulana. Hakuwahi kuliona. Halikuwa tundu la duara kama alivyolichora akilini tangu utotoni. Ulikuwa mstari mrefu ulionyooka, kutoka katikati ya kifua hadi kwapani, na upande ule hapakuwa na chuchu. Hata mtoto angejua kwamba ule ulikuwa mkato wa kisu, uliopimwa kabla ya kukatwa. Naye alikuwa fundi wa kupima na kukata!

Akaketi juu ya rundo la vitambaa vya wateja.

"Mbona hamkusema?"

"Nitamwambia nani? Walinilaza wodi ya wanawake, kwa kuwa ugonjwa ule ulitibiwa huko. Kitanda cha mwisho, wakazungushia pazia. Nilikuwa nasikia wanawake wanaulizana, 'Nyuma ya pazia kuna nani?' Mimi nikaziba mdomo kwa shuka nisikohoe, wasije wakajua ni mwanaume. Halafu nirudi kazini, nipande jukwaani, niwaambie wanaume wenzangu nimekatwa titi? Wangeniitaje?"

"Na ile hadithi?"

"Mama yako ndiye aliyeitunga."

"Mama!"

"Yeye. Tulikuwa kwenye gari la kurudi nyumbani, nalia kama mtoto. Akaniambia, 'Tutasema ni nondo. Nondo ina heshima.' Basi tukasema nondo. Kaka yako akaipenda, akaanza kuwahadithia wenzake shuleni. Daktari aliyenikata alikuwa ameniambia, 'Watoto wako wakikua, waambie, jambo hili linaweza kuwa kwenye damu.' Nikasema nitawaambia wakikua. Mkakua. Lakini hadithi ilikuwa imeshanoga, mwanangu. Nitaivunjaje?"

Alivaa shati. Akaongeza, kwa sauti iliyoshuka, "Na shangazi yako, yule mdogo wangu aliyefariki kabla hujaanza shule. Mliambiwa ni homa. Haikuwa homa."

Mama Pindo hakumbuki alivyofunga mlango siku ile. Anakumbuka kwamba cherehani ya umeme ilibaki imewashwa hadi asubuhi, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Kliniki, daktari alisikiliza na miwani kwenye paji la uso. Ilipofika habari ya wodi ya wanawake aliivua kabisa, akaiweka mezani.

"Mama, nilikuuliza upande wa baba."

"Nami nilikujibu nilichokijua, daktari. Nilijua ni nondo!"

Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kucheka.

Daktari alieleza kwa utaratibu, na Mama Pindo akasikiliza kama mwanafunzi anayejua kwamba mtihani huu ni wake. Mwanaume naye ana tishu ya titi, kidogo, lakini ipo, na ugonjwa huo humpata mara chache sana. Ukimpata, jambo la kwanza kulitilia shaka ni urithi. Ndani ya kila seli kuna jeni, maelekezo ambayo mtu huyapokea nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Baadhi ya jeni hizo zina kazi ya kurekebisha hitilafu seli zinapogawanyika. Anayezaliwa na mojawapo ikiwa na kasoro, hitilafu hurundikana mwilini mwake mpaka seli zinaasi.

"Lakini matiti ni ya mama," Mama Pindo alibisha. "Mimi nilimtazama mama na bibi. Siku zote tunatazama kwa mama."

"Watu wengi hudhani hivyo. Ni kosa. Jeni haijali imepitia kwa nani. Baba yako angeweza kukurithisha wewe, au kaka yako, sawa kabisa na mama yako."

"Na vidonge?"

Daktari alivuta pumzi. "Homoni huzihimiza seli za titi zigawanyike. Kwa wanawake walio wengi, hatari inayoongezeka ni ndogo, na kwa wengine tunaona faida inazidi hasara. Lakini mwenye jeni yenye kasoro anaanzia mahali pa juu tayari, kabla hajameza chochote. Na kusema kweli, wataalamu hawajamaliza kuelewa kwa nini wanawake wawili hunywa dawa ileile, mmoja akadhurika na mwingine akabaki mzima. Sehemu ya jibu imo humo kwenye urithi. Ninachoweza kukwambia ni hiki: ningejua habari za baba yako, nisingekuandikia. Kuanzia leo, achana navyo."

Alimchukua damu ipelekwe maabara kupimwa jeni, akampeleka kwenye chumba cha picha. Titi liliwekwa juu ya bamba baridi, likabanwa na bamba jingine, na mama wa watu akaambiwa asipumue. Alitii. Alikuwa kama mtu aliyesahau kupumua tangu jioni ya jana yake.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake. Kinyozi alikuwa na mteja kitini na wawili wanaosubiri, na mashine ikinguruma kisogoni kwa mtu. Mama Pindo alitaka waongee faraghani, lakini kaka alisema aseme tu, hapa ni kwao. Basi akamwambia aende akapimwe saratani ya matiti.

"Ha!" kinyozi alicheka, akajipiga kifuani. "Dada, mimi nina matiti gani nikapimwe? Ubao mtupu! Jamani, nitazameni, nina matiti mimi?"

"Tumbo unalo," mteja mmoja alimjibu, na wote wakaangua kicheko.

"Baba naye alikuwa ubao mtupu," Mama Pindo alisema. "Walimkata titi, kaka. Nimeona kwa macho yangu."

Mashine ilizimwa. Kichwa cha mteja kilibaki nusu kimenyolewa, nusu msitu.

"Na nondo?"

"Hakuna nondo."

"Dada, usinifanyie hivyo. Hadithi ile nimewahadithia hata wakwe zangu! Kwa nondo ile ndiyo nilipewa mke!"

"Nondo mbili?"

"Ile ya pili niliongeza mimi," kinyozi alikiri kwa sauti ndogo. "Ile ya kwanza niliiamini." Akaketi kwenye benchi la wanaosubiri. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepanda wenyewe hadi kifuani, ukipapasa juu ya koti lake la kazi, kushoto, kisha kulia. Wale wanaume wawili wanaosubiri walikuwa wakimtazama. Na mmoja wao, pasipo kujua, alikuwa akijipapasa pia.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Joto lilirejea na hasira zake zote, na safari hii halikuwa na kizuizi. Mama Pindo alishona huku miguu imo kwenye beseni la maji. Alimpelekea baba yake chakula kama kawaida, akampangia mto kama kawaida, lakini maneno hakumpa. Kila alipotaka kumwambia jambo, aliona lile pazia la wodi, kisha akaona pakiti yake ya vidonge, kidonge baada ya kidonge, asubuhi baada ya asubuhi, naye akimeza huku anaimba. Hakujua amchukie nani. Mama yake alikuwa kaburini na kisa chake kizuri cha nondo yenye heshima. Baba yake alikuwa kwenye benchi, amejikunyata. Na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameweka vitambaa viwili nyuma ya mfuko, miaka nenda miaka rudi, pasipo kuuliza hata mara moja kwa nini tundu la nondo lilihitaji kitambaa kirefu namna ile.

Binti yake alikuja mwisho wa juma. Alisikiliza yote amesimama, mkoba bado begani.

"Kwa hiyo kama wewe unayo," alisema, "na mimi ninaweza kuwa nayo."

"Ndiyo."

"Nusu kwa nusu?"

"Daktari amesema hivyo. Kama kurusha sarafu."

Mwalimu wa chekechea aliushusha mkoba begani. Kisha akauliza, "Babu amekula?"

"Kuna chakula chake mezani."

"Sikuuliza kama kipo, mama. Nimeuliza kama amekula." Akatoka kwenda kwenye benchi. Mama Pindo aliwasikia wakizungumza nje, sauti nyembamba na sauti nzito, lakini hakutoka.

Picha ilionyesha kitu. Doa dogo, daktari alisema kwenye simu, pengine si lolote, lakini tungependa kuchukua kinyama kwa sindano, kikapimwe. Walichukua. Majibu ya damu na ya kinyama yalitoka pamoja, na Mama Pindo akaitwa.

Asubuhi hiyo alimkuta baba yake amesimama mlangoni, amevaa lile shati jipya, fimbo mkononi.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Ninakokwenda ni huko unakokwenda wewe."

Hakumkatalia. Walikwenda pamoja. Kwenye ukumbi wa kusubiria palikuwa na mabenchi marefu yaliyojaa watu, wengi wao wanawake, na mzee alisita mlangoni kama mtu anayeingia nyumba iliyowahi kumuumiza. Kisha akaenda akaketi katikati yao. Mama Pindo akaitwa ndani.

Daktari hakuzunguka. Jeni yenye kasoro ilikuwapo, ya aina ileile inayotiliwa shaka mwanaume anapougua. Na lile doa lilikuwa saratani.

Mama Pindo alisikia mlio wa feni, akasikia mtu anavuta kiti chumba cha jirani. Alitazama midomo ya daktari ikiendelea kusogea, na ilimchukua muda kuunganisha sauti na midomo.

"...bado dogo sana, mama. Mkono usingelipata kwa muda mrefu. Halijatoka lilipo, kwa tunavyoona. Tutazungumza kuhusu upasuaji, titi moja au yote mawili, utaamua ukiwa umeelewa. Lakini tumewahi. Naomba ulishike hilo. Tumewahi."

"Ni vidonge?" aliuliza.

"Siwezi kukwambia ni vidonge. Na siwezi kukwambia si vidonge. Pengine lingekuja bila hivyo, pengine lingechelewa. Hilo hatutalijua kamwe."

Aliondoka pale na neno hilo, kamwe. Alipofungua mlango, mabenchi yote yalimgeukia, kama yanavyomgeukia kila anayetoka. Baba yake alikuwa amesimama tayari.

Mama Pindo alikuwa amepanga kumwambia nyumbani, mlango umefungwa, kwa sauti ya chini. Alifungua kinywa kusema, "Twende, baba, tutaongea." Lakini aliwaona wanawake wale waliomzunguka mzee, na ghafla hakuweza kuvumilia sauti ya chini tena.

"Ni kansa ya titi, baba," alisema, na kila mtu akasikia. "Imeonekana mapema. Wanasema tumewahi."

Mzee alishika ukingo wa benchi. Mwanamke aliyeketi kando yake akamshika kiwiko. "Pole, mzee wangu," alisema kwa huruma. "Ndivyo ulimwengu ulivyo. Umefanya vyema kumsindikiza binti yako. Sisi wanawake ugonjwa huu umetuandama."

Mzee alimtazama yule mwanamke.

"Sikumsindikiza," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyewahi kuita kutoka ghorofani na kusikika chini. "Ugonjwa huu ulianza kwangu. Mimi nilikatwa titi, hapa, upande wa kushoto, nikadanganya watu kwamba niliumia kazini. Huyu ni mwanangu. Nilimnyamazia, ona sasa."

Muuguzi aliyekuwa anapita na mafaili alisimama. Mwanamume mmoja kwenye kona, aliyekuwa amemleta mkewe, alitazama kifua chake mwenyewe kama anakiona kwa mara ya kwanza.

"Mwanaume naye hupata?" yule mwanamke aliuliza, mkono wake bado umeshika kiwiko cha mzee.

"Hupata," alijibu Mama Pindo. Akapita katikati ya mabenchi, akaketi pale baba yake aliposimama. Mzee naye akaketi. Wakabaki hivyo, bega kwa bega, wala hawakutazamana, huku mmoja baada ya mwingine watu wa benchi la mbele wakigeuka na kuanza kumuuliza mzee maswali.